TAHADHARI: tiketi ya "London–Nairobi" ambayo kumbe inaishia Entebbe

Jamani mlioko huku Uingereza, hasa nyie mnaokata tiketi za Desemba kwa mawakala wa wasap, someni hii kabla hamjatuma hela. Mi nimeshalizwa.

Kwetu ni Arusha, na watu wa Arusha mnajua wengi tunashukia Nairobi alafu tunadaka basi la Namanga. Nauli ya kwenda na kurudi nilikuwa naiona pauni 900 na kitu, nikapewa namba ya kaka mmoja kwenye grupu, mbongo mwenzetu, maneno matamu, dada angu huku dada angu kule, akasema anayo kwa 640, shirika hilohilo ndege hiyohiyo. Nikamtumia benki kwa benki (mjinga mimi, ningelipa kwa kadi angalau ningekuwa na pa kushika). Akanirushia skrinishoti safi kabisa, London–Nairobi, Nairobi–London, jina langu, tarehe, kila kitu.

Nimefika Heathrow, dada wa kaunta ananikabidhi bodingi pasi mbili na masanduku yangu kayabandika tagi ya EBB. Nauliza EBB ndo wapi, ananiambia Entebbe, si ndo unakoenda? Tumbo likanikata. Nampigia jamaa, anacheka kabisa, "dada angu hiyo ndo siri ya bei, we shuka Nairobi uondoke zako, mzigo utashuka na wewe, na kurudi utapandia hapohapo Nairobi". Viza hakuna aliyeniuliza maana Mtanzania Uganda haombi viza, na ndo hapo mtego unapotunasa sisi wa Afrika Mashariki, hakuna kinachokushtua mapema.

Hiyo bei yenyewe haina uchawi wowote, mashirika hayapangi nauli kwa kilomita, yanaangalia ushindani wa njia, kwahiyo anayeenda Entebbe anaweza kulipa kidogo kuliko anayeishia Nairobi hata kama wamekaa siti za jirani. Jamaa anakukatia ya Entebbe, anafuta kipande cha mwisho kwenye picha, anakuuzia kama ya Nairobi. Hatari yote unabeba wewe.

Nairobi nikasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Huku kwenye spika naitwa jina, abiria wa Entebbe unasubiriwa getini! Abiria asipopanda, mzigo wake unashushwa, ni mambo ya usalama, kwahiyo watu wa watu wamekaa kwenye ndege wanasubiri masanduku yangu yachimbuliwe na bado siku hiyo sikuyapata. Niliyapata kesho yake jioni baada ya kusemwa kama mtoto, na hela ya gesti Nairobi sikuwa nimeipanga.

Sasa nikadhani yameisha. Wiki tatu baadaye narudi, nimefika Jomo Kenyatta masaa manne kabla, kaunta wananiambia tiketi yako ilishafutwa. Kumbe tiketi ya ndege vipande vyake vinatumika kwa mpangilio, ukiruka kimoja vyote vya mbele vinakufa, na mimi nilikuwa nimeruka Nairobi–Entebbe wakati wa kwenda, na kurudi tiketi ilikuwa inaanzia Entebbe! Nikanunua ya njia moja, pauni 710, hela ya kuazima kwa shemeji. Jumla 1,350, ile ya 900 niliiona ghali.

Kuna watakaosema mbona wazungu wanafanya huu mchezo wa kushuka njiani. Wanafanya ndio, ila wanajua wanachofanya, wanaenda bila kurudi na begi la mgongoni tu. Na hao nao yanawakuta, Marekani 2023 kijana wa Florida alizuiwa na kuhojiwa uwanjani kabla hata hajaruka, alikuwa na tiketi ya New York anataka kushuka Charlotte, familia ikasema shirika limempiga marufuku miaka 3. Lufthansa ilimpeleka abiria aliyeruka kipande cha mwisho mahakamani Berlin ikidai zaidi ya yuro 2,000, mahakama ikalitupa dai, sawa, lakini nani anataka kesi na shirika la ndege kwa ajili ya likizo ya Krismasi?

Kwahiyo wakala akikutumia picha, usiishie kwenye picha. Dai namba ya bukingi, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka hiyo namba na jina la ukoo, uhesabu vipande vyote kwenda na kurudi, na uone safari ya kurudi inaanzia mji gani. Akianza "nitakutumia siku ya safari" hapo hamna kitu.

Jina lake simtaji, namba aliyokuwa anaitumia haipatikani tena. Ila juzi kwenye grupu lingine nimekuta tangazo lenye namba mpya, picha ileile ya ndege, "dada zangu kaka zangu Nairobi 640 tu, siti zinaisha".