Wameniharibia gurudumu la Led Zeppelin III

Naanza na gurudumu, maana ndilo lililonivurugia wiki nzima. Ndani ya jalada la santuri hii ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, kumefichwa gurudumu la karatasi ngumu. Ukilizungusha kwa kidole gumba, picha zinapishana kwenye matundu ya jalada: vipepeo, eropleni, nyuso za wale vijana wanne. Nimelitamani tangu niko sekondari. Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, nikaenda stendi ya Kange, hapa Tanga, kupokea mzigo kutoka Dar. Nikaufungua palepale kwenye benchi, nikaweka kidole. Limegoma. Limegandishwa! Gundi nyeupe imevuja pembeni ikakauka kama njia ya konokono.

Nikampigia muuzaji. Sikuanza kwa shari, nilimsalimia vizuri kama mtu aliyelelewa. Jibu lake: "Kaka, wewe unasikiliza muziki au unachezea maboksi?" Nikamwambia picha alizonitumia hazikuonyesha gundi. Akasema lilikuwa linalegea, amenisaidia kulibana. Kisha akaongeza neno linalonichoma mpaka leo: "Tena upande wa pili usijisumbue nao, humo wamekaa tu na gitaa kavu kama wako kijiweni." Akakata simu. Shilingi 90,000 zangu anazo. Mtu kama huyo auze mabeseni, santuri asiziguse.

Nikaipiga santuri nikiwa na hasira hivyohivyo, na kwa muda nikaona kama muuzaji alisema kweli. Upande wa kwanza unaingia kwa kishindo, mwimbaji Robert Plant anapiga ukelele wa vita mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Halafu "Since I've Been Loving You", bluzi ya polepole, na ukitega sikio unasikia pedali ya dramu ya John Bonham ikilia kwi, kwi, kama bawaba iliyokosa mafuta. Hawakuifuta. Naipenda kwi ile kuliko solo nyingi za gitaa. Nikageuza sahani, moto ukazima. Banjo, mandolini, gitaa kavu. Nikasema nimeibiwa mara mbili. Hata wahakiki wa 1970 wengi waliinung'unikia kwa jambo hilohilo.

Mama yangu alikuwa barazani anachambua mchele. Miziki yangu huwa anaifungia mlango. Ilipofika "That's the Way" akauliza, "Hilo gambusi?" Nikamwambia ni mandolini, mama. Akasema, "Rudisha mwanzo." Ungo ukabaki mapajani, mkono umetulia juu ya mchele, mpaka wimbo ukaisha.

Basi nikausikiliza upya upande ule, safari hii kwa masikio ya mtu wa Tanga. Sisi hapa ndio wenye Black Star, kundi la taarabu, waliochukua gitaa la umeme na besi wakaviingiza kwenye taarabu, na Shakila akaimba juu yake. Hakuna aliyesema wameacha taarabu. Mpiga gitaa Jimmy Page na Plant walishika njia ileile wakitokea upande wa kinyume: walikwenda kukaa kwenye nyumba ya mashambani kule Wales, isiyo na umeme wala maji ya bomba, wakaanza kutunga kwa gitaa kavu. Na nguvu haikupotea. Sikiliza "Gallows Pole", wimbo wa kale wa mtu anayesubiri kunyongwa: unaanza kwa gitaa tupu, vyombo vinaongezeka kimoja kimoja, mpaka mwisho unajikuta umesimama. Kijiweni gani wanapiga hivyo?

Nilipanga kuipa saba kati ya kumi. Wimbo wa mwisho kweli siuwezi, sauti imetetemeshwa kwenye amplifaya mpaka maneno yamepotea. Lakini saba ni dhuluma. Tisa. Na kwa upande wa pili peke yake, kumi, na nilikosea kuutilia shaka.

Muuzaji nampa sifuri. Nilimwandikia anirudishie japo 20,000 ya uharibifu, ameisoma, hajajibu. Jana usiku nimelijaribu tena gurudumu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Limesogea upana wa ukucha, bawa moja la kipepeo likatokea kwenye tundu. Kisha karatasi ikaanza kuchanika pale katikati, nikaacha.