Fomu Ilituuliza, Nasi Tulijibu: Siku Zetu katika Mizabibu ya Mosel

Nianze na haki ya kampuni iliyotupangia safari kabla hasira haijanizidi. Mabegi yetu yalitutangulia kila jioni bila kukosa, vyumba vilikuwa safi, na kijitabu cha njia kilichapishwa kwenye karatasi ambayo hata mvua haikuichana. Kampuni hii, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa bado tunaandikiana, hupanga safari za miguu kando ya mto Mosel nchini Ujerumani kwa watu wasiopenda kuongozwa: unapewa kijitabu na namba ya simu ya dharura, mizigo yako inapelekwa kwa gari, wewe unatembea. Urefu wa njia na majina ya vituo vyote sitayaorodhesha, kwani mwenye simu anaweza kuyatafuta mwenyewe. Ninachotaka kusimulia ni ngazi moja ya chuma na sentensi moja niliyoambiwa nikiwa nimesimama chini yake.

Kabla ya kulipa tulijaza fomu ndefu. Iliuliza tunakula nini na hatuli nini, tunataka vitanda viwili au kimoja, tumezoea kutembea saa ngapi kwa siku, na mahali fulani katikati iliuliza kama miongoni mwetu yupo anayepatwa na kizunguzungu akiwa mahali pa juu. Dada yangu mkubwa, ambaye hata kubadilisha taa ya sebuleni huwaachia wengine kwa kuogopa kusimama juu ya kiti, aliandika ndiyo, kisha akaongeza kwa herufi kubwa: SANA. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu nilimcheka. Mtu anayeuliza swali la namna hiyo huaminika, maana unadhani kwamba yupo atakayelisoma jibu lako.

Siku mbili za kwanza sina la kulaumu, na hilo silisemi kwa kutimiza adabu tu. Ilikuwa msimu wa kuvuna, ukungu ukilala juu ya mto kila asubuhi na kuinuka taratibu kadiri jua lilivyopanda, na njia ikipita katikati ya miteremko ambayo sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuilima. Kila mzabibu umesimama kwenye nguzo yake, matawi yake mawili yamepindwa na kufungwa hata yakafanya umbo la moyo, na chini yake si udongo bali vipande vya sleti vyeusi vinavyolialia chini ya kiatu. Mawe hayo hunywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku, ndiyo maana zabibu za Riesling huweza kuiva katika nchi ya baridi namna ile. Wavunaji hukata vichala kwa mikono, kwa kuwa trekta la kawaida lingebiringika hadi mtoni, na mazao hupandishwa na kuteremshwa kwa kigari kinachotambaa juu ya reli moja yenye meno. Matuta mengine yamekwisha kumezwa na vichaka, kwa sababu kazi yake ni kubwa kuliko malipo yake. Dada alisimama mbele ya tuta moja kama hilo kwa muda mrefu, akitazama ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji, akauliza ni nani aliyeyabeba mawe yote yale. Jioni ile nilikuwa tayari nimeamua kuwapa nyota zote tano.

Siku ya tatu tulitoka kijiji cha Neef, tukavuka mto, tukafika Bremm, kijiji kilichojibana kati ya maji na mlima wa Calmont. Calmont hutajwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mwinamo mkali kuliko yote duniani, na sehemu zake nyingine hufikia nyuzi 65. Kijitabu hakikuandika hayo. Kiliandika kwamba kuanzia hapo hadi kijiji cha Eller njia huwa nyembamba na yenye kuvutia. Mwanzoni palikuwa na kibao cha onyo, lakini Kijerumani chetu hakikuzidi salamu, nami nakiri kwamba tulipaswa kusimama na kutafuta maana yake badala ya kukipiga picha. Kosa hilo nalibeba. Hata hivyo, mtu aliyelipa ili asomewe njia hapaswi kutegemea kibao.

Tulitembea vizuri kwa muda, kisha waya wa chuma ukaanza kuonekana ubavuni mwa mwamba, kisha vyuma vya kukanyagia vilivyopigwa kwenye jiwe, kisha ngazi. Upande wa kushoto ulikuwa mwamba, upande wa kulia hapakuwa na kitu, na chini kabisa mto ulijikunja kama nyoka aliyelala, huku ng'ambo yake magofu ya nyumba ya watawa ya Stuben yakisimama bila paa katikati ya uwanda wa kijani. Ni mandhari ambayo ningependa kuyaona tena nikiwa peke yangu. Dada hakuyaona, kwa sababu alikuwa amefumba macho, amekaa chini, mikono yote miwili imeushika waya. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake tangu utotoni, "Mdogo wangu, mimi hapa siendi mbele wala sirudi nyuma."

Nikapiga ile simu ya dharura. Aliyepokea alizungumza Kiingereza kizuri kuliko changu, kwa hiyo siwezi kumtetea kwa kisingizio cha lugha. Nilimweleza tulipo, nikamweleza hali ya dada, nikamkumbusha kwamba tuliyaandika haya kwenye fomu, kisha nikamwomba anieleze kama ipo njia nyingine. Alinyamaza kidogo, nikasikia akiguna, halafu akasema, "Mama, hata watoto hupita hapo." Basi. Hakuuliza kama kuna aliyeumia, hakuuliza kama tuna maji, wala hakufungua fomu yetu, ingawa nilimwachia nafasi ya kufanya yote hayo. Niliposema kwamba sikuuliza habari za watoto, alinijibu kwamba njia imeelezwa vya kutosha kijitabuni, akanitakia siku njema.

Aliyetusaidia ni mkulima aliyekuwa akishuka na kigari chake cha reli, kreti za zabibu zikiwa zimepangwa nyuma yake. Hakujua neno la lugha yetu. Alimtazama dada, akautazama waya, akaelewa. Akaonyesha njia tuliyotokea, kisha akaonyesha chini kando ya mto, akaupitisha mkono wake hewani ukiwa umenyooka kama anayefuta meza. Ishara ile moja ilikuwa na maelezo mengi kuliko kijitabu kizima. Tulirudi hatua kwa hatua, mimi nikitangulia kinyumenyume na kumwambia dada pa kuweka mguu, tukashuka Bremm, na hapo tukaiona: njia ya tambarare, chini ya mlima uleule, inayokwenda hadi Eller. Tuliitembea kwa chini ya saa moja. Tena ipo nyingine ya juu, inayopita kilele penye msalaba na hekalu la Kirumi lililojengwa upya, na hiyo ndiyo inayofuatwa na Moselsteig, ile njia ndefu ya miguu iliyozinduliwa mwaka 2014. Njia tatu zinafika kijiji kimoja, na mtu aliyeandika SANA akapelekwa kwenye ile yenye ngazi.

Tulipofika nyumba ya wageni nilikuwa nimepoa, na nilianza kujisemea kwamba pengine yule wa simu alikuwa na siku mbaya, kwamba nyota tatu zingetosha, kwamba mabegi yalikuwa yamefika. Kweli yalikuwa yamefika. Juu ya begi la dada paliwekwa chokoleti ndogo na kadi iliyochapishwa kwa rangi: hongera kwa kuivuka Calmont! Dada alicheka hadi akakaa kitandani. Mimi sikucheka. Kadi ile ilinionyesha kwamba walijua siku nyingi kabla kwamba tungepitishwa pale, wakatununulia na chokoleti.

Nawapa nyota moja, na hiyo ni ya dereva wa mabegi. Nchi yenyewe isihesabiwe humu, kwa sababu si mali yao. Nendeni mkaione, mjipangie wenyewe, treni zipo na alama za njia zinaonekana vizuri. Juzi kampuni ilijibu barua yangu. Wanasikitika, wanatupa punguzo kwa safari ijayo, na wameambatanisha fomu mpya ya kujaza. Swali la kizunguzungu bado limo, na chini yake wameacha mstari mmoja wa kuandikia jibu.