Fundi bodi wa kuja nyumbani: DX ya marehemu mzee sasa inafungwa kwa kidole

Kwa wasioijua DX ni ile Corolla KE70, injini 4K, inasukuma nyuma. Yangu niliachiwa na mzee, na imelala Kigamboni miaka yote kwa hiyo upepo wa bahari umeila taratibu. Mlango wa dereva ulikuwa umeinama mpaka kuufunga lazima kwanza uunyanyue kwa mikono miwili halafu ndo uubamize, na mara nyingine unarudia mara tatu majirani wanachungulia wakidhani kuna ugomvi. Mzee alikuwa na tabia ya kuuegemea ukiwa wazi akipiga stori za Simba na Yanga, nusu saa nzima mwili wote uko juu ya mlango, sasa zidisha kwa miaka thelathini utajua bawaba zimefikaje pale.

Kabla ya huyu fundi nilishapeleka gereji moja mjini, jina naliacha. Wale walichukua kipande cha mbao wakakipachika kwenye bawaba ya chini, wakaukandamiza mlango, kraa, wakaniambia tayari bosi. Kweli siku hiyo ulifunga. Wiki mbili baadaye ukarudi kule kule na bati la nguzo pale bawaba ilipofungwa likawa limebonyea. Kutu ya chini wakaipiga puti, ile dawa nzito ya kujazia bati, juu kwa juu, rangi ikang'aa, masika ilipoingia tu malengelenge yakatoka kama mtu kaungua na maji ya moto. Hela imeenda.

Huyu wa sasa nilielekezwa na jirani. Alikuja Jumamosi na bodaboda, begi moja, grenda ndogo, jeki yake mwenyewe. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimkubali ni kwamba hakugusa spana. Alifungua mlango kidogo tu, akashika kwenye ncha upande wa kitasa, akawa anaunyanyua na kuushusha huku macho yako kwenye bawaba. Akaniita, "Mdogo wangu njoo uone." Pini ya bawaba ya juu ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake, unaona kabisa kwa macho. Akasema ingekuwa pini haichezi lakini bawaba nzima inatikisika na bati lake basi shida ni bolti zimelegea au nguzo imepasuka, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Jaribio la dakika moja, kule gereji hakuna aliyelifanya.

Kazi yenyewe: aliweka jeki chini ya mlango na ubao na kipande cha blanketi juu yake, akachora kwa msumari kuzunguka bawaba ili wakati wa kurudisha ajue ilikaa wapi, akachomoa waya wa betri, akafungua. Bolti mbili ziligoma kwa kutu, akazimwagia mafuta tukaenda kunywa chai, tuliporudi zikatoka bila kukatika. Bawaba akazipeleka mwenyewe kwa fundi mashine zikachongewa bushi za shaba, vile vipete vinavyoizunguka pini, na pini mpya. Hapo ndo palichukua siku, kwa sababu fundi mashine naye ana foleni yake, na mimi gari limekaa uani halina mlango usiku kucha, paka wakalala ndani. Angenitahadharisha mapema ningejipanga.

Mimi nilitaka aanze na kutu maana ndo inayoonekana. Akakataa. Anasema ukichomelea bati jipya mlango ukiwa umeinama unakuwa umeshonea suruali mtu aliyekaa, akisimama haimkai. Kwa hiyo bawaba kwanza, mlango ukae sawa na nafasi pembeni zilingane juu mpaka chini, halafu kile chuma kwenye nguzo kinachopokea kitasa ndo kinasogezwa mwisho kabisa. Mafundi wengi wanaanza na hicho chuma, wanakishusha kuufuata mlango ulioinama, wanakuita njoo ujaribu.

Kwenye kutu nilijifunza kitu ambacho miaka yote sikukijua. Maji ya mvua yanapita kwenye kioo yanaingia ndani ya mlango na hiyo ni kawaida, gari limetengenezwa hivyo, yanatakiwa yatokee kwenye vitundu vya chini. Vyangu vyote vilikuwa vimezibwa na vumbi na ile puti ya wale jamaa! Yaani walinifungia maji ndani. Alivyovizibua kwa bisibisi ilitoka tope nyeusi karibu kikombe.

Sehemu iliyotoboka aliikata mpaka kwenye bati zima, akachomelea kiraka, vioo kavifunika magunia yaliyolowa cheche zisivirukie. Sehemu ambayo kutu imeshika tu bila kula, alipiga brashi ya waya kisha akapaka ile dawa ya asidi inayogeuza kutu kuwa nyeusi. Dawa niliinunua mwenyewe chupa ya lita moja na naisifia ila kwa masharti, inafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyosuguliwa, ukiimwaga kwenye magamba manene inageuza juu tu chini kunaendelea. Na vaeni glavu, mimi nilijifanya mjuaji kidole kikawasha mpaka usiku. Tukaiacha mpaka kesho yake ndo red oksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ikafuata, na ndani ya mlango kwenye mkunjo wa chini akamiminia grisi iliyoyeyushwa, vitundu akaviacha wazi.

Malalamiko yangu ni rangi. Huyu bwana kwenye bati ni fundi haswa lakini rangi asiguse. Nyeupe aliyochanganya haifanani na gari, kwa mbali mlango unaonekana umeazimwa, na kuna mahali imechuruzika. Nilimwambia akacheka akasema yeye alishasema ni fundi bodi. Sawa, lakini hela ya rangi alichukua. Nitatafuta mtu mwingine apige upya, na ukimwita mwambie aishie kwenye red oksaidi.

Kingine hana risiti, kila kitu ni mdomo, kwa hiyo kubalianeni bei ya kila mlango kabla hajafungua hata bolti moja, na hela ya kuchonga bushi muitenge pembeni.

Masika yote imepita sasa. Imemwagiwa maji kwa mpira wa bustani nikiwa nimekaa ndani na gazeti mapajani, tone moja tu lilipita kona ya juu, na hilo ni mpira wa mlango umekauka, sio kosa lake. Nampa nane kwa kumi, mbili nimekata za rangi. Wiki ijayo anarudi kufanya mlango wa nyuma kushoto na mpira mpya nimeshanunua Kariakoo.