Fulana zilizokaa sawa: karakana moja ya uchapaji Mlandege

Mwaka jana skuli yetu ilipeleka fulana 60 za siku ya michezo kwa mchapaji mmoja hapa mjini, ambaye sitamtaja, nazo zilirudi zimekunjwa vizuri na rangi zake zinapendeza. Watoto walipozivaa na kujipanga mstari ndipo tulipoona kasoro: nembo moja ilikuwa imepanda hadi kwenye kola, nyingine imeteremka karibu na kitovu, na nyingi ziliinamia bega la kushoto. Zilipofuliwa mara ya tatu, herufi zilianza kubanduka pembeni. Nilipopewa jukumu hilo tena mwaka huu nilielekezwa kwenye karakana ndogo iliyopo Mlandege, inayoendeshwa na binti mmoja na kaka yake, na kwa kuwa nilikwisha kuumwa, niliomba niruhusiwe kukaa nitazame kazi.

Kilichonipa imani ni kwamba yule binti aliuliza kitambaa kabla ya kuuliza nembo. Nilikuwa nimesikia habari ya sablimesheni, yaani uchapaji wa wino unaohamishwa kwa joto, nikaitaka, lakini alikataa kwa adabu. "Maalim, fulana hizi ni za pamba, wino ule hautakaa," aliniambia, kisha akanieleza kwamba wino wa aina hiyo hugeuka mvuke kwenye joto la takriban nyuzi 200 na kuingia ndani ya nyuzi za polista, tena polista ya rangi nyeupe au hafifu, ilhali kwenye pamba hutoka na maji ya kufulia. Angeweza kuzichapa akachukua fedha zake, nami nisingejua mpaka siku ya kufua. Badala yake tulikubaliana atumie vinaili, yaani utando wa plastiki wenye gundi unaokatwa kwa umbo la nembo na kubandikwa kwa moto, ambayo kwa pamba huhitaji joto la nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15.

Ilikuwa katikati ya masika, na hewa ya Unguja wakati huo kila mtu anaijua. Pamba iliyokaa katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, hali polista haifiki hata asilimia 1, na unyevu huo ukibaki ndani hugeuka mvuke chini ya vinaili na kuizuia gundi isishike. Kwa hiyo kila fulana ilipitishwa kwanza rola yenye gundi ya kuondoa nyuzi na vumbi, ikawekwa kwenye mashine ya kugandamiza kwa joto bila nembo, na bamba la moto likashushwa kwa sekunde 5 tu. Nilikiona kimvuke chembamba kikitoka pembeni mwa kitambaa. Alilinyanyua bamba, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya kifua cha fulana, na alipohisi bado kuna ubaridi wa maji alilishusha tena. Nina hakika kwamba hatua hii ndiyo iliyorukwa mwaka jana.

Upangaji wenyewe ndio ulionivutia kuliko yote. Mimi nilidhani mtu hupima kutoka kwenye mishono ya ubavuni, au huifuata lebo ya shingoni, lakini alinionesha fulana tatu za bunda moja ambazo lebo zake zilishonwa nje ya kati, na nyingine ambayo mshono wa ubavu ulikuwa umejipinda hadi kuja mbele. Yeye huikunja fulana kwa urefu, bega juu ya bega na kwapa juu ya kwapa, kisha huipiga pasi kidogo ili ibakie alama ya mkunjo katikati. Nembo nayo huikunja nusu kwa nusu, akaulaza mkunjo juu ya mkunjo. Kutoka chini ya kola alipima kwa futi ya fundi cherahani sentimita 8 kwa fulana za watu wazima, na sentimita 5 kwa za watoto wa darasa la kwanza, maana kipimo kimoja kwa wote ndicho kinachopeleka nembo tumboni kwa mtoto mdogo. Kola na mishono minene ya mabega aliiacha ining'inie nje ya kitanda cha mashine, kwani ikilala juu yake hulinyanyua bamba, na sehemu ya nembo iliyo jirani haipati mgandamizo wa kutosha.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo na kina feni moja, bei hazikubandikwa popote hata mteja ajue mapema, na kazi yangu ilichelewa siku mbili kwa sababu umeme ulipungua nguvu na bamba likawa halipandi joto. Ucheleweshaji huo ulinikera siku ile, ingawa sasa ninaona alifanya haki kuizima mashine kuliko kunichapia kwa joto pungufu. Alinisisitizia pia kwamba fulana zisifuliwe kabla ya kupita siku nzima, zigeuzwe ndani nje, na pasi isipite juu ya nembo.

Zimeshafuliwa mara tano sasa. Nimezikagua mwenyewe kwa kucha pembezoni mwa herufi nyembamba, na hakuna iliyonyanyuka. Mwezi ujao nitampelekea fulana za walimu, ambazo zina mfuko kifuani, naye ameshanitahadharisha kwamba mshono wa mfuko utalinyanyua bamba kama ilivyo kola, hivyo nembo itakwenda mgongoni, au atatia kipande cha sponji ndani ya fulana chini ya nembo ili mshono uzame. Nimechagua mgongoni.