Usuluhishi wa wazee wa kanisa, Moshi: panapofaa na panapokwama

Huduma hii ni ya bure katika usharika mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa Moshi. Mashauri mengi ni ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga: mpaka uliosogezwa, mfereji uliozibwa, ndugu waliogombea urithi. Ubora wake uko kwenye swali la kwanza la mzee: "Umeshamwendea mwenyewe?" Kama bado, unarudishwa. Ndiyo Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Wengine huudhika, lakini hakuna hatua yenye nguvu kuliko hii, kwa sababu aliyekosa bado anaweza kukiri bila kuaibika mbele ya mtu.

Ikishindikana, wanaongezwa mashahidi wawili, kila upande ukichagua wake. Hawakai ofisini. Wanaingia shambani, wanakagua mimea ya masale iliyosimama na visiki vya iliyokatwa, wanawauliza majirani wa juu na wa chini. Sale kwa Wachaga ni alama ya mpaka na pia jani la kuombea msamaha, na wazee hawa hawalitoi mapema, kabla kosa halijatajwa wazi. Hilo wanastahili sifa.

Tatizo huanza shauri linapopelekwa kwenye jumuiya, kikundi cha sala cha majirani, kama "ombi" kabla mashahidi hawajasikiliza. Mtaa mzima ukishajua, kila mmoja analinda heshima yake. Mzee mwenye undugu na upande mmoja angepaswa kujitoa. Hapa hilo limeachwa kwenye ungwana wake. Wapo pia wanaoushika mstari wa Waefeso 4:26 kulazimisha shauri liishe kabla jua halijachwa. Mstari ule unasema juu ya hasira. Mpaka wa shamba unahitaji kupimwa.

Kasoro kubwa ni kumalizia kwa sala na kupeana mikono tu. Dai maandishi, nakala tatu: tarehe, umbali wa mpaka kwa mita kutoka kitu kisichohama, fidia na siku ya kulipa, saini za wahusika, wenzi wao na mashahidi. Bila karatasi hiyo, mmoja akifariki watoto wanaanza upya.

Kwa ndoa, uliza kwanza kama baraza la kanisa linatambulika kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida hutaka hati ya baraza la usuluhishi kabla ya maombi ya talaka kupokelewa mahakamani. Palipo na kipigo, usianzie kwa wazee: nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu.