Uzoefu wangu na huduma ya ushauri kwa watu wazima wanaorudi chuo kikuu

Huduma ninayoitathmini hapa huwashauri watu wazima wanaotaka kurudi chuo kikuu, wawe wanataka kumalizia shahada waliyoiacha njiani au kuanza upya baada ya miaka mingi ya kazi. Haimilikiwi na chuo chochote, hutolewa kwa simu na kwa mikutano ya video, na kila mteja hupangiwa mshauri mmoja anayebaki naye tangu mazungumzo ya kwanza. Niliitumia kabla ya kujisajili na nikaendelea nayo katika muhula wangu wa kwanza. Tathmini yangu kwa ufupi ni kwamba huduma hii ni bora sana wakati mtu anapofanya uamuzi, na hupwaya masomo yakishaanza.

Faida ya kutofungamana na chuo niliiona mapema. Awali nilikuwa nimeulizia katika ofisi za udahili, ambako nilijibiwa kwa adabu na bila kucheleweshwa, lakini kila jibu liliishia kwenye fomu ya chuo hicho hicho. Siwalaumu, kwa kuwa kazi ya ofisi ya udahili ni kudahili. Kama huu ni mwaka unaonifaa kurudi masomoni, au kama kozi fulani inalingana na kazi ninayotaka kuifanya baadaye, hayo ni maswali yanayohitaji mtu asiyepata chochote nikijisajili wala kupoteza chochote nisipojisajili.

Mshauri wangu hakuanza na orodha ya vyuo. Alinitaka kwanza niandike jinsi wiki yangu inavyotumika, saa kwa saa, pamoja na usafiri, malezi, ibada na usingizi, kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kushika mkasi. Kisha alinionyesha hesabu ambayo hakuna kipeperushi cha chuo kilichowahi kunionyesha. Katika mfumo wa krediti, yaani vipimo vya kiasi cha kazi ya masomo, unaotumika Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote una krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, yakiwemo mihadhara, usomaji, mazoezi na maandalizi ya mitihani. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa wiki 40, ni kati ya saa 37 na nusu na saa 45 kila wiki, yaani ajira ya pili juu ya ile uliyo nayo. Mifumo mingine huhesabu kwa namna yake, lakini swali la kukiuliza chuo chochote ni lile lile: kozi hii imekadiriwa kumchukua mwanafunzi saa ngapi kwa jumla, mbali na saa za darasani? Baada ya hesabu hiyo, uchaguzi wa muda wote au wa nusu muda haukuhitaji mjadala mrefu.

Hatua ya pili ilikuwa masomo ya zamani, na hapa ndipo niliponufaika zaidi. Nilidhani nakala ya matokeo ingetosha kunihesabia kozi nilizofaulu. Mshauri alieleza kwamba chuo kinachopokea mwanafunzi hulinganisha maudhui, si jina la kozi wala alama peke yake, hivyo niombe pia muhtasari wa kila kozi kama ulivyokuwa mwaka nilioisoma. Alinitaka nikiulize chuo kwa maandishi mambo mawili: kiwango cha juu cha krediti wanachokubali kuhamisha, na kama krediti zina umri wa kuisha. Vyuo hutofautiana mno katika hayo mawili, na ahadi ya mdomo haina uzito mbele ya kamati ya udahili.

Kuhusu ujuzi wa kazini, alinyoosha jambo ambalo watu wengi wa rika langu hulielewa kinyume. Chuo kinachotambua mafunzo ya awali, yaani yale uliyojifunza nje ya darasa kabla ya kujiunga, hakihesabu miaka uliyofanya kazi. Hupima ulichojifunza katika miaka hiyo kwa kukilinganisha na malengo ya kozi unayoomba usamehewe. Rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba nimesimamia wafanyakazi na bajeti kwa muda mrefu. Aliirudisha akiwa ameandika pembeni: ulipanga nini, kwa msingi gani, ukipimwa na nani, na ushahidi uko wapi? Tuliijenga upya kwa ripoti, mipango ya bajeti na barua za wasimamizi, kila hati ikiwekwa chini ya lengo moja la kozi. Kazi hiyo ilichosha, lakini ndiyo iliyonirudishia mazoea ya kuandika kwa hoja na ushahidi, ambayo niliyahitaji kuliko hata krediti zenyewe.

Ndugu na wenzangu kazini walikuwa wamenitia wasiwasi kwamba shahada ya elimu masafa haiheshimiwi. Mshauri hakubishana, alinipa historia. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946, na ni chuo hicho kilichomtunuku Nelson Mandela shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Open University ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, bila kudai vyeti vya shule kama sharti la kuingia. Kinachostahili kuchunguzwa ni ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa chuo, na ithibati hutazamwa kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia vyuo vikuu, si kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Yeyote anayekuuzia shahada kwa sababu ya uzoefu wako wa maisha, bila kukupima, anakuuzia karatasi.

Upande wa fedha, huduma hii ni ya wastani. Nilipewa maswali mazuri ya kuuliza: kama mwanafunzi wa nusu muda anaruhusiwa kuomba mkopo, kama ufadhili una kikomo cha umri, ni tarehe gani baada yake ada hairudishwi, na mwajiri akikulipia, mkataba unakufunga umtumikie kwa muda gani. Majibu niliyatafuta mwenyewe.

Baada ya masomo kuanza, mambo yalibadilika. Kundi la wanafunzi wenzangu nililounganishwa nalo lilichangamka mwanzoni, kisha likanyamaza wakati wa mitihani, yaani wakati hasa kila mmoja wetu alipolihitaji. Mshauri aliendelea kujibu, lakini kwa kuchelewa, na ni dhahiri kwamba mmoja kama yeye hupewa watu wengi kupita kiasi. Warsha za stadi za kusoma zilikuwa na mazuri yake. Ile ya kumbukumbu ilianzia kwenye majaribio ya Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyechapisha mwaka 1885 matokeo kuhusu jinsi tunavyosahau, ikatufundisha kurudia somo kwa vipindi vilivyoachana na kujiuliza maswali kitabu kikiwa kimefungwa. Mbinu hiyo inamfaa sana mtu anayesoma kwa vipande vya dakika chache.

Sikukubaliana na warsha zilizokazia mno fikra za Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeeneza wazo kwamba mtu mzima hujifunza vizuri anapoijua sababu ya kujifunza na anapoongoza masomo yake mwenyewe. Wazo ni zuri, ila baadhi ya wakufunzi walilitumia kama ruhusa ya kutotufundisha. Mtu aliyekaa mbali na darasa kwa muda mrefu bado anahitaji kuelekezwa, hatua kwa hatua, namna ya kuandika rejea, namna ya kutumia hifadhidata za maktaba na maana ya wastani na mchepuko katika takwimu. Heshima kwa utu uzima wangu isiwe sababu ya kuniacha nikisie. Msaada huo hatimaye niliupata katika kitengo cha uandishi na kwa mkutubi wa chuo nilichojiunga nacho, na nashangaa kwamba huduma hii haikunielekeza huko tangu wiki ya kwanza.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa mtu ambaye hajajisajili, hasa mwenye masomo ya zamani au ujuzi wa kazi anaotaka utambuliwe. Aliyekwisha kuanza masomo na anayeelemewa na kazi za darasani aende moja kwa moja kwa mshauri wa kitaaluma wa chuo chake, na aende kabla ya tarehe ya mwisho ya kupunguza kozi. Mimi nimebakiza kikao kimoja tu na huduma hii kila muhula unapokaribia, ambapo tunaitazama tena ratiba ya wiki yangu na kuamua ni kozi ngapi nichukue.