VM/370 Community Edition kwa anayetaka kujifunza kukata diski: tathmini kutoka Lubumbashi

Mfumo huu hauombi franga hata moja, zaidi ya megabaiti za kuupakua. Ni VM/370 Release 6, mfumo endeshi unaompa kila mtumiaji mashine yake ya kuigiza, wa ukoo ule ambao IBM iliutangaza mwaka 1972, uliokarabatiwa na wapenzi wake na kutolewa bure. Unatembea juu ya Hercules, emuleta (programu inayoiga mashine) iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Laptopu ya mtumba inatosha kabisa, maana mashine nzima ya System/370 (kompyuta kubwa ya zamani ya IBM) inayoigwa hapa haipiti kumbukumbu ya megabaiti 16.

Tathmini hii inashika kazi moja tu: kumkatia mtumiaji diski yake na kuifomati. Mengine (lugha za programu, uchapishaji, michezo) yanaweza kungoja. Kazi hii ndiyo inayomtenganisha aliyesoma vitabu na anayeweza kuachiwa mfumo peke yake.

Mkaaji wa Lubumbashi ana bahati ya kuielewa upesi. Volyumu (diski nzima) ni uwanja, diski ndogo ya mtumiaji ni parseli (kipande cha uwanja), na faili la USER DIRECT, lenye orodha ya watumiaji na diski zao, ni kadasta (daftari la viwanja). Ubaya ni kwamba kadasta hii inasaini kila karatasi inayoletewa. Ukiandika parseli moja kwa watu wawili, inagonga muhuri bila kuuliza.

Tuanze na uwanja. Kwenye laptopu, nje ya VM:

dasdinit -z -a vmusr1.cckd 3350 VMUSR1

Hiyo inazaa diski ya aina ya 3350 yenye silinda 555 za kutumia (silinda ndicho kipimo cha kukatia diski), iliyobanwa kwa -z ili isijaze hifadhi ya laptopu ikiwa bado tupu. Lebo VMUSR1 ndiyo jina ambalo CP (sehemu ya VM inayogawa mashine na diski) italitafuta, kwa hiyo usizidishe herufi sita. Iunganishe na Hercules kwa amri ya attach, kwenye anwani iliyomo tayari katika DMKRIO, orodha ya vifaa ambavyo CP inavijua. Anwani ya kubuni haitaonekana hata ukiipigia kelele. Kisha, kwenye VM, mwenye mamlaka anatoa ATTACH 345 TO SYSTEM VMUSR1, akiweka anwani yake mahali pa 345.

Sasa kadasta. Ingia kama MAINT (akaunti ya mtunza mfumo), fungua USER DIRECT, ongeza mtumiaji:

USER KASONGO SIRI01 2M 16M G
ACCOUNT 101
CONSOLE 009 3215
SPOOL 00C 2540 READER *
SPOOL 00D 2540 PUNCH A
SPOOL 00E 1403 A
LINK MAINT 190 190 RR
MDISK 191 3350 011 010 VMUSR1 MR SOMA ANDIKA

Mstari wa mwisho ndio wenye mambo. 191 ni anwani ambayo CMS (mazingira anamofanyia kazi mtumiaji) huitazamia kuwa diski A ya mtumiaji. 011 ni silinda ya kuanzia, 010 ni idadi ya silinda. Parseli ya Kasongo basi inatoka silinda ya 11 hadi ya 20, na jirani yake anaanza 21. Wengi huhesabu 11 jumlisha 10, wakadhani inaishia 21, wakaacha pengo la silinda moja. Hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kumwanzishia jirani kwenye 20. Watu wawili watafanya kazi wiki nzima bila tatizo, hadi faili za mmoja zifike silinda ile, na hapo faili za mwenzake zinageuka takataka. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa macho ya CP kila mmoja ameandika ndani ya mpaka wake.

Silinda 0 usimpe mtu. Humo ndimo ilimo lebo ya volyumu. FORMAT ya CMS huandika lebo yake mwenyewe mwanzoni mwa diski ndogo, na diski ndogo ikianzia silinda 0, mwanzo wake ni mwanzo wa volyumu nzima. VMUSR1 inafutika. Siku hiyo mfumo utaendelea kama kawaida. Ni baada ya IPL (kuwashwa kwa mfumo) inayofuata ndipo CP itatafuta volyumu na isiione, na watumiaji wote waliokaa juu yake watabaki bila diski. Ni kosa linalochelewa kuuma, kwa hiyo ni gumu kulifuatilia hadi kwa aliyelifanya.

Ukimaliza kuandika, toa kwanza DIRECT USER DIRECT (EDIT, inayokagua sarufi bila kuandika kitu. Ikipita, rudia bila EDIT na ungoje EOJ DIRECTORY UPDATED. Ukiona NOT UPDATED, kadasta ya zamani bado ndiyo inayotawala, na hakuna kilichoharibika. Mstari wa DIRECTORY ulio juu ya faili usiuguse. Na kama mtumiaji alikuwa ndani wakati unamwongezea diski, hataiona mpaka atoke na kuingia tena, au aichukue mwenyewe kwa LINK * 192 192 MR.

Kasongo akiingia mara ya kwanza atakutana na ujumbe kwamba A(191) ina DEVICE ERROR. Wanafunzi hushtuka hapa na kudhani faili la diski limeharibika. Hakuna kilichoharibika, parseli haijajengwa tu. Aandike:

FORMAT 191 A

Mfumo unaonya kwamba faili zote zitafutwa, anajibu YES, unaomba lebo (herufi zisizozidi sita), anaandika KAS191, na baada ya sekunde chache unataja silinda 10 zilizofomatiwa. Hesabu hiyo isome. Ikionyesha namba nyingine, ulikosea kwenye MDISK.

Silinda 10 hizo ni nafasi kiasi gani? CMS ya Release 6 hukata diski kwa bloku za baiti 800. Silinda moja ya 3350 inabeba bloku 570, yaani baiti 456,000, na silinda 10 zinatoa baiti 4,560,000. Silinda yenyewe kwa chuma ina njia (tracks) 30 za baiti 19,069, jumla 572,070. Kama moja ya tano imeliwa na mianya kati ya bloku. Bloku zikiwa ndogo mianya huwa mingi. Kwa kulinganisha, 3390 (aina mpya zaidi ya diski) iliyofomatiwa kwa bloku za baiti 4,096 kwenye z/VM, mrithi wa leo wa VM/370, hubeba bloku 180 kwa silinda, yaani 737,280 kati ya 849,960. Huo ni upungufu wa kweli wa toleo hili la zamani, na upungufu mwingine ni ukubwa: namba ya bloku ina biti 16 tu, kwa hiyo diski moja ya CMS kwenye 3350 huishia karibu silinda 115.

Kuhusu MR iliyo kwenye mstari wa MDISK: mwenye diski anapata kuandika, ila kama kuna mwingine anayeandika tayari, anapewa kusoma tu. MW inaruhusu wawili kuandika pamoja, na CMS haina namna ya kuwapatanisha; kila mmoja anashika orodha yake ya faili kichwani, na wa mwisho kuiandika ndiye anayefuta kazi ya mwenzake. Usiiweke kamwe kwenye diski ya CMS. Hata msomaji wa kawaida ana shida yake ndogo: mwandishi akibadili faili, msomaji hubaki na orodha ya zamani hadi atoe ACCESS upya.

Kwa z/VM ya kununua, DISKMAP inachora ramani na kuonyesha parseli zinazopandiana pamoja na mapengo, na DIRMAINT inatafuta nafasi yenyewe, tena ukiitajia BLKSIZE na LABEL inafomati kwa niaba yako. Raha, ila DIRMAINT hulipiwa kando, na aliyeanzia huko mara nyingi hajui silinda inaanzia wapi. Hapa daftari lenye safu nne (volyumu, mwanzo, mwisho, mwenyewe) linatosha, mradi lijazwe kabla ya USER DIRECT.

Alama mbili za kibodi zinaleta usumbufu wake. Kwa CP alama ya @ hufuta herufi iliyoitangulia na # hukata mstari kuwa amri mbili. Neno la siri lenye @ halitakubalika hata uliandike polepole, kwa hiyo usiligawe hivyo. Anayehitaji alama hizo kwenye faili zake atoe TERMINAL CHARDEL OFF na TERMINAL LINEND OFF. XEDIT nayo usiitafute, ilikuja na VM/SP. Zipo EDIT ya mstari mmoja mmoja na EE inayojaza skrini.

Kuhusu kuranti: betri ya laptopu ikiwa imechoka, usianze FORMAT wala DIRECT. Zima kwa mpangilio, SHUTDOWN kutoka akaunti ya OPERATOR kwanza, ndipo quit ya Hercules. Umeme ukikuwahi, kagua kila faili la diski kwa cckdcdsk -3 kabla ya IPL. Kwa darasa, washa faili za kivuli (zinazopokea mabadiliko badala ya diski yenyewe) kwa sf= kwenye mpangilio wa Hercules, utoe sf+* kabla ya IPL, uwaache wanafunzi waifomati hata silinda 0. Jioni, VM ikiwa imezimwa, sf-* nomerge inarudisha uwanja ulivyokuwa asubuhi.